Ukiulizwa Kama Baba Yako Alikataa

Neema mwanangu,

Mama yako yuko ndani anakunja nguo zako, kisha anazikunjua na kuzikunja tena. Habari za sweta, za chakula cha huko, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, hizo zote namwachia yeye. Amekwisha kuzisema, na kesho njia nzima mpaka Kavimvira, pale mpakani, atazirudia. Mimi nimekaa hapa uani na karatasi kwa sababu kuna maneno ambayo nikitaka kukuambia kwa mdomo sauti inakataa. Juzi uliniangalia ukaniuliza, "Papa, uko na kitu unataka kusema?" Nikakujibu hapana. Nilikuwa nacho, ndicho hiki.

Kesho utavuka mpaka uingie Bujumbura, na huko utapanda ndege uende Ulaya ukasimame mbele ya majaji ambao hawajui Uvira iko upande gani wa dunia. Tuliombewa viza wote wawili. Wewe umepewa, mimi wamekataa bila kueleza sababu. Maître Solange, avoka anayetutetea kortini, alijaribu kunituliza. Alisema ushahidi wenye uzito ni wako, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa pale mto ulipokuja. Anasema kweli. Lakini katika kesi hii kuna maswali ambayo ni yangu, yanahusu maneno yaliyotoka katika kinywa changu, na sasa utaulizwa wewe. Sijalala vizuri tangu nilipojua hivyo. Namtuma mtoto wangu akajibu kwa ajili yangu.

Ulikuwa bado sekondari machini za kuchimba mawe zilipofika kwenye mto, kule juu ya mtaa wetu. Unakumbuka tulivyofurahi. Kampuni ilikuwa ya wazungu, ilihitaji mawe na changarawe kwa ajili ya barabara, na vijana wa mtaa wakapata kazi. Hata mimi, ambaye nilikuwa na kazi yangu ya kutengeneza karatasi za duwane, za kulipia ushuru wa mizigo, kwa wafanyabiashara pale mpakani, nilisema sasa Uvira inaamka. Hakuna aliyefikiri juu ya mawe. Tulikuwa tumezaliwa tukiyaona pale katikati ya maji, makubwa kama nyumba, na hatukujua kwamba ndiyo yaliyokuwa yanaupunguzia mto mbio zake. Yalipokwisha kuchukuliwa, mto ukaanza kuja upande wetu. Ulichukua kwanza migomba ya jirani, halafu choo cha shule, halafu njia tuliyokuwa tunapita kwenda kanisani. Kila mvua iliponyesha huko Bijombo milimani, asubuhi tulikuta ukingo umesogea.

Tulienda kwa shefu wa mtaa. Akatutuma kwenye ofisi ya komini. Komini wakatutuma kwenye ofisi ya mazingira, mazingira wakasema hayo ni mambo ya migodi, migodi wakasema mawe si madini. Nilivaa koti langu lile la kijivu kila mara, nikidhani koti litasaidia.

Ndipo akaja Maître Solange. Alikuwa kijana hata nikadhani ni mwanafunzi. Alisimama katika ukumbi wa parokia akatuuliza jambo moja tu: "Kabla kampuni haijaanza kuchimba, ninyi watu wa hapa mliulizwa?" Tukaangaliana. Hakuna aliyeulizwa. Akasema, "Basi sheria iko upande wenu." Akatueleza kwamba Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi mahali pasipomdhuru, na kwamba iko sheria ya mazingira ambayo hairuhusu mradi mkubwa namna ile kuanza bila uchunguzi, na bila wenyeji kusikilizwa. Serikali ilikuwa imeandika maneno hayo miaka mingi iliyopita na sisi tulikuwa hatuyajui.

Neema, siwezi kukueleza nilivyojisikia siku ile. Maisha yangu yote nimeandika karatasi kwa faida ya mali za watu wengine. Kwa mara ya kwanza niliona karatasi iliyoandikwa kwa ajili yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako kwamba tumekwisha kushinda. Watu wakanichagua rais wa komite ya kesi kwa sababu nilikuwa na Kifaransa cha kutosha na sikuogopa biro za serikali. Nami nikaipenda kesi ile. Niliipenda kuliko ilivyofaa. Ulikuwa unanisikia mezani, kila siku kesi, kesi, mpaka wadogo zako wakaanza kucheza mchezo wa jaji na mshitakiwa.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Kesi ilipokuwa inaelekea mwisho, kampuni ilimtuma mtu wake kwangu. Ulimwona, yule bwana mwenye sauti ya upole aliyekataa kunywa fanta. Alisema wako tayari kuzihamisha familia zote za ukingoni. Watazipa viwanja huko bondeni, njia ya kwenda Katogota, na mabati ya kuanzia, ila tuiondoe kesi kwanza. Nilimwambia nitawapelekea watu maneno hayo.

Niliwapelekea, lakini sikuwapelekea kama nilivyoyapokea. Sikuficha neno hata moja, hilo lijue. Viwanja niliwatajia, mabati niliwatajia. Ila niliyasema kama mtu anayesoma barua ya adui. Halafu nikahutubu. Nilisema tukikubali, korti haitasema kitu, na kesho machini zile zile zitakwenda kwenye mto mwingine na kuwafanyia wengine. Nilisema sisi ndio tutakaofungua njia. Watu wakapiga makofi. Wewe ulikuwa umekaa nyuma karibu na Faida mdogo, mtoto wa jirani yetu wa ukingoni, nilikuona nawe ukipiga makofi, na moyo wangu ukajaa.

Ndipo Mama Faida aliposimama. Nataka kukumbuka maneno yake kama alivyoyasema. Alikuwa ametoka kuanika samaki wa ndagala na mikono yake ilikuwa bado na magamba. Alisema, "Baba Neema, minye siko na mambo ya sheria. Niko na watoto na bwana yangu alishakufa. Weye niambie tu kitu kimoja: mvua ikikuja kabla ya korti kusema, minye niko wapi?"

Nilimjibu, "Mama Faida, vumilia kidogo. Korti iko karibu kusema. Hatuwezi kuuza haki yetu kwa mabati."

Akasema, "Haya," akakaa.

Mwanangu, nimelirudia neno hilo moja mara nyingi kuliko sala yoyote. Aliniuliza kuhusu mvua, mimi nikamjibu kuhusu haki. Swali lake lilikuwa dogo na wazi, mtoto angeweza kulijibu. Angesema: utakuwa kando ya mto. Mimi sikumjibu hivyo kwa sababu jibu hilo lingeharibu hotuba yangu. Tulipopiga kura, Mama Faida aliinua mkono pamoja na wengine. Alikuwa ananiamini. Alisema, "Weye uko muntu wa masomo."

Tukashinda. Hilo pia ni kweli na sitaki ulisahau, maana kuna siku nami natamani kulifuta. Jaji alikuja mwenyewe kuuona mto, akatembea ukingoni na viatu vyake vya mjini, akaona. Hukumu ikasomwa: kampuni isimamishe kazi, ijenge ukingo wa kuzuia maji, ilipe walioharibiwa. Wamama walitandika vitenge njiani Maître Solange apite juu yake. Mama Faida alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Usiku ule niliamini kwamba nchi yetu ingeweza kupona.

Kampuni ikakata rufaa. Maître Solange alinieleza mara moja, na nakumbuka alinieleza akiwa ameinamisha macho: rufaa ikiwa imekatwa, hukumu inasimama kwanza, haitekelezwi mpaka korti ya juu iseme. Nikamwuliza, "Na ukingo?" Akasema, "Ukingo unangoja pia." Hapo ndipo nilipopaswa kurudi kwa watu. Hapo, Neema. Yule bwana wa sauti ya upole alikuwa bado Uvira. Ningeweza kumtafuta, nikamwomba, nikapiga magoti hata. Sikwenda. Nilijiambia kwamba mtu aliyeshinda haendi kuomba.

Dosye ya kesi ikapelekwa korti ya juu, Bukavu. Vita ikafika Bukavu. Ulikuwepo, huhitaji kusimuliwa: watu wakishuka na magodoro kichwani, askari wasiojua wanakimbia kutoka wapi kwenda wapi, benki imefungwa, korti imefungwa. Hukumu yetu ikabaki huko ndani ya kabati ambayo hakuna mtu wa kuifungua. Kampuni ikaondoa wazungu wake na machini zake, ikaacha shimo mtoni pale mawe yalipokuwa. Na mvua haikuwa na habari ya vita wala ya rufaa.

Siku yenyewe sitaisimulia. Utaisimulia wewe, na ndilo jambo linaloniua, kwamba utalazimika kuisema mbele ya watu wasiokujua, kwa mkalimani, polepole, ukisimama kila baada ya sentensi ili waandike. Nitasema tu niliyoyaona mimi. Chini kwetu jua lilikuwa linawaka, mvua ilikuwa huko juu milimani. Mama yako alikuwa ameanika unga. Nilikuwa njiani narudi kutoka Kavimvira niliposikia ule mngurumo nikadhani ni mabomu, na watu wote wakalala chini kama tulivyokwisha kuzoea. Nilipofika, wewe ulikuwa umekaa kwenye tope na Faida mapajani mwako, umemshika kwa nguvu hata ikabidi mama yako akufungue vidole. Nyumba yao haikuwepo. Hata mahali pake hapakuwepo. Nilikuuliza Mama Faida yuko wapi na wale wadogo, ukaniambia, "Alinirushia Faida, akarudi kuchukua wengine." Tangu siku hiyo hujalisema tena, mpaka ulipomwandikia Maître Solange, naye akaipeleka kesi Ulaya, kwenye nchi ya wenye kampuni.

Kwenye kilio ndugu yake Mama Faida alikuja kunisalimu. Nilitegemea anipige. Alinishika mkono akasema, bila hasira, "Mwalimu wa sheria, minye sisemi uliua muntu. Lakini mungekubali ile viwanja, dada yangu angekuwa muzima." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi." Akaenda kuketi. Hajawahi kunitukana, na Faida alituachia tumlee bila ubishi, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mkimbizi mwenye kulala shuleni. Ningeona afadhali angenipiga.

Sasa unajua kwa nini naandika. Avoka wa kampuni huko Ulaya wamekwisha kuandika utetezi wao. Maître Solange alinisomea kwenye simu, kwa sauti ya kawaida kama anayesoma bei za soko. Wanasema kampuni mama haihusiki na yaliyofanywa na kampuni mtoto ya Congo. Hilo Maître Solange ana majibu yake. Anasema majaji wa huko sasa wameanza kuzifungulia mlango kesi za namna hii, kwamba mwenye kula faida aulizwe pia kuhusu hasara. Lakini neno lao la pili ni hili: kwamba watu wa ukingoni walipewa nafasi ya kuhama, na rais wa komite yao, na hapo wanaandika jina langu zima, akawashawishi wakatae. Wanasema vifo vile vina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi.

Papa Alimasi, makamu wangu, alikuja hapa Jumapili. Ulipokuwa umetoka kuchota maji aliniambia, "Mutoto aseme hajui. Alikuwa mudogo, alikaa nyuma, hakusikia. Nani atamubishia?" Nikamwambia nitafikiri. Na nilifikiri, mwanangu, sitakudanganya. Nilifikiri siku nzima. Niliona jinsi ingekuwa rahisi.

Usiseme hujui. Ukiulizwa kama baba yako alikataa vile viwanja, sema ndiyo. Sema alisimama akahutubu, na watu wakapiga makofi, na wewe ulipiga makofi. Wakikuuliza kama Mama Faida alikuwa na hofu, sema ndiyo, na yale aliyosema yaseme yote, na jibu langu uliseme jinsi lilivyokuwa. Usilipambe. Usinifanye shujaa, wala usianze kulia kwa ajili yangu mbele yao. Ukificha hili hawatakuamini utakapofika kwenye lile la mto, na lile la mto lazima waliamini, kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki wa kulisema.

Lakini usiishie hapo. Ukishasema ndiyo, watadhani wamemaliza. Hapo ndipo uwaambie kwamba mtu akija kubomoa ukuta wa nyumba yako, akakuambia uhame, nawe ukakataa kuhama, aliyebomoa bado ni yeye. Mimi nina langu, nitakufa nalo. Wao wana lao. Langu lisifanywe blanketi la kufunikia lao. Nililiandika wazo hili mara nyingi kwenye karatasi nyingine na kulichana, kwa sababu kila mara lilisikika kama najitetea. Labda najitetea. Sijui tena kutofautisha.

Utaniuliza kama natumaini tutashinda. Miezi michache iliyopita redio ilisema majaji wakubwa wa dunia wametoa maoni kwamba kila serikali ina wajibu wa kulinda hali ya hewa na kuwalinda watu wanaoumia. Jirani zetu walikuja kunipa hongera, kana kwamba mimi ndiye niliyeshinda. Nilizima redio. Zamani ningemwita mama yako asikilize. Sasa nikisikia maneno mazuri ya sheria naona mikono ile yenye magamba ya ndagala. Sheria haikunidanganya, naweza kusema hivyo. Kila ilichosema kilikuwa kweli. Ilikuja tu baada ya maji, na mimi nilikuwa nimewaahidi watu kwamba itakuja kabla.

Na hata mkishinda huko, sijui nini kitakachofika hapa. Nani atajenga ukingo katikati ya vita? Jana nimekwenda kuuangalia mto. Umefika kwenye ukuta wa nyuma wa parokia. Watu waliokimbia vita wamejenga vibanda vya sheeting ya plastiki juu kabisa ya ukingo wake, kwa sababu ndipo penye nafasi. Niliwaambia mahali pale ni pabaya. Mwanaume mmoja akanijibu kwa adabu, "Tuko tunajua, mzee. Tuonyeshe pengine." Nikarudi nyumbani.

Kuna jambo la mwisho, nalo mama yako hataki nilitaje kabla hujaondoka, anasema nitakutisha. Wiki iliyopita vijana wenye pikipiki walisimama kwenye kioski cha mtaa wakaulizia nyumba ya yule binti anayekwenda kuongea Ulaya. Hawakuulizia nyumba ya rais wa komite. Hawakuulizia jina langu. Walikuulizia wewe. Mwenye kioski aliwaambia tumehama, akaja mbio kunieleza. Hatujui ni watu wa nani. Katika mji kama huu wa sasa mtu yeyote anaweza kuwa wa yeyote.

Mama yako kesho pale mpakani atakukumbatia na kukuambia urudi upesi, tutakula wote Noeli. Mwitikie, maana akisikia vingine hatakuachia mkono, na gari la Bujumbura halitangoja. Lakini usirudi. Watakapomaliza kukuuliza, mwambie Maître Solange yale tuliyokubaliana mimi na yeye. Anajua mlango wa kubisha na karatasi za kuomba hifadhi. Baki huko. Osha vyombo vya watu, lala chini, jifunze lugha yao, kuwa mtu asiyejulikana. Ukisikia vita imekwisha, usirudi. Ukisikia tumeshinda na kampuni imelipa, usirudi. Ukisikia mto umeichukua nyumba hii, au kwamba mimi nimekufa, lia huko huko uliko, usipande ndege. Faida tutamlea. Mama yako nitamwambia mwenyewe, siku nitakapopata namna.

Najua unavyopenda hapa. Najua utasema huwezi. Neema, niliwaambia watu wabaki, na wakanisikiliza. Sasa nakuambia wewe uende, nisikilize na wewe.

Papa yako